Skafu iliyogeuka kamba: kisa cha kufuma kwa fremu, Kirumba

Skafu ilirudi Jumanne jioni, imeviringishwa ndani ya gazeti. Mteja hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Ni mtu mzima, hununua dagaa Ukerewe na kuwaleta Mwaloni, soko la samaki hapa Kirumba, Mwanza, na kila safari huwa juu ya maji kuanzia usiku wa manane mpaka kunapambazuka. Aliikunjua, akaivaa mbele yetu, akanyamaza. Kabla hajamaliza kikombe cha chai kingo mbili za skafu zilikuwa zimejiviringisha kuelekea nyuma mpaka zikakutana. Kitu kilichokuwa na upana wa sentimita 32 pale mezani kilikuwa kimebaki bomba jembamba.

"Mwanangu," alimwambia mdogo wangu, "mimi niliagiza skafu. Hii ni kamba ya nanga. Upepo unapita juu yake na chini yake."

Mdogo wangu aliomba radhi, akaomba wiki tatu. Mzee akakubali, akaiacha.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wafumaji wengi wa fremu huangukia shimo hilohilo, na wanapotoka humo huwa wamejifunza jambo lisilo sahihi: wanasema uzi ulikuwa mbaya, au fremu ni ya kitoto. Sisi pia tulianza hapo.

Kwanza niseme mdogo wangu anafumaje. Sindano mbili alizijaribu tangu utotoni, lakini mkono wake wa kushoto hauna nguvu ya kushika. Sindano humponyoka na vitanzi hukimbia. Fremu hukaa mapajani. Vigingi ndivyo vinavyoshika vitanzi badala ya vidole, na mkono mmoja wenye kulabu hufanya karibu kazi yote. Kwa hiyo jibu la "mfundishe sindano" halikuwamo. Kama skafu nzuri ya mwanamume haifumiki kwenye fremu, basi kwake ndio mwisho wa maagizo ya namna hiyo, na mimi dada yake, niliyefundishwa sindano na mama, sikuwa tayari kukubali hilo kabla ya kulichunguza.

Kwa asiyeijua fremu: ni pete ya plastiki, au ubao, iliyopandwa vigingi vifupi, kila kimoja kina mfuo usoni ili kulabu ipite. Unazungusha uzi kwenye kila kigingi, unarudia duru ya pili juu ya ile ya kwanza, kisha unachukua uzi wa chini kwa kulabu na kuuvusha juu ya kigingi mpaka uangukie nyuma. Wa juu umebaki mahali pake, wa chini umekuwa kitambaa. Ukizunguka pete nzima unapata bomba, kama kofia. Ukifika kigingi fulani ukageuza njia na kurudi ulikotoka, unapata kitambaa bapa. Skafu yetu ilifumwa kwa njia hiyo ya pili, kwenye vigingi 24 vya pete yenye vigingi 36.

Agizo lenyewe lilikuwa wazi. Rangi ya kijivu. Nzito, isiyo na maua wala matundu. Na mzee alisema neno ambalo mdogo wangu aliliandika kwenye daftari: "iwe na punje-punje, isiwe tupu kama soksi." Mtu wa mbali anaweza kushangaa skafu ya nini Mwanza. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka bara kwenda ziwani, ukimpiga mtu aliyekaa juu ya magunia bila chochote cha kumkinga. Aliyewahi kupanda meli ya usiku kwenda Bukoba akakosa nafasi ya ndani anajua ninachosema.

Kabla ya kuanza kuifuma, mdogo wangu alisaka maelekezo kwenye simu. Akapata mama mmoja anayefuma kwa sindano, akionyesha skafu ya kiume yenye matuta-matuta kama ya shamba la viazi. Maelekezo yalikuwa mepesi: fuma kila mstari kwa namna ileile, usibadilishe kitu, matuta yatajitokeza yenyewe. Akafuata neno kwa neno. Kila mstari namna ileile. Matuta hayakutokea. Ikatoka laini mbele, laini kabisa, na yeye akadhani yatatokea ikishafuliwa.

Baada ya mzee kuondoka niliichukua ile skafu nikaitandaza juu ya kitanda. Jambo la kwanza nililoliona halikuwa kosa la ufumaji. Katikati palikuwa na sehemu inayong'aa, imelegea, kama kitambaa kilicholoa na kukauka vibaya. Nikauliza. Akasema kabla ya kuikabidhi aliona kingo zinajikunja, akaipiga pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi. Kingo zililala usiku mmoja, asubuhi zikajikunja tena.

Nikakata kipande cha uzi uliobaki nikakiwasha kwa kiberiti. Kikayeyuka, kikanuka ukali wa plastiki, kikaacha tone jeusi gumu. Hiyo ni akriliki. Sufu ingenuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika vidoleni. Pamba ingenuka karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Kila mtu anayenunua uzi usio na lebo sokoni angefaa kuzoea jaribio hili, juu ya sahani, mbali na pazia. Sufu unaweza kuilowesha, ukaitandaza, ukaibana kwa pini, na ikikauka inashika umbo ulilolipa. Akriliki haiumbiki kwa maji. Kwa moto ndiyo, lakini moto huua ule unyumbufu wake na haurudi. Kwa hiyo pasi haikusababisha kujikunja; ilitunyima tu uzi mzuri wa sentimita 40 za skafu, ambao tungeufumua na kuutumia tena.

Kesho yake tuliibeba skafu na fremu kwenda kwa mzee mmoja anayeshona nyavu njia ya kushukia Mwaloni. Sikumpeleka kwake kwa sababu anajua kufuma skafu. Nilimpeleka kwa sababu maisha yake yote amehangaika na swali moja, uzi gani kwa jicho gani, na sisi tulikuwa na matundu ambayo kidole changu kilipita bila kugusa pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmenasa nini?"

Aliinyoosha skafu mbele ya mwanga, kisha akaomba fremu. Akaweka kidole gumba kati ya vigingi viwili. Anayeshona wavu huwa na kibao kidogo. Kila fundo analifunga juu ya kibao hicho, na upana wa kibao ndio unaoamua ukubwa wa jicho, awe na mkono mzito au mwepesi. Macho ya wavu wa sangara huhesabiwa kwa inchi, ya dagaa kwa milimita. Na uzi huenda na jicho lake.

"Hapa," alisema akigusa vigingi, "mna jicho la sangara." Kisha akavuta uzi. "Na huu ni uzi wa dagaa."

Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo ya jambo ambalo wafumaji hulieleza kwa kurasa. Kwa sindano, mkono unaweza kusamehe. Unabadilisha sindano nene kwa nyembamba, unakaza vidole, kitambaa kinabana. Kwenye fremu umbali wa kigingi na kigingi umekwisha kuamuliwa kiwandani. Pete yetu ina karibu sentimita mbili kutoka katikati ya kigingi hadi katikati ya kinachofuata, na hakuna mkaza mkono atakayeibadilisha. Kinachobaki mikononi mwa mfumaji ni viwili: unene wa uzi, na aina ya kitanzi.

Mzee wa nyavu alitupa jibu la kwanza. La pili alilikaribia bila kulifikia. Alisema nyavu zake hazijikunji kwa sababu kila fundo linavuta pande zote sawasawa, akatuuliza: "Hiki chenu kinavuta upande gani?" Nikakosa la kujibu. Tukarudi nyumbani na swali.

Jibu nililipata usiku ule nikiwa na kazi mbili mkononi. Nilianzisha kipande kidogo kwa sindano zangu, yeye akaanzisha kwa fremu, vitanzi kumi na vitatu kila mmoja, tukafuma mistari sita tukifuata yale maelekezo ya simu. Changu kikatoa matuta. Chake kikatoka laini. Maelekezo yaleyale, uzi uleule. Nikafuma mstari wa saba polepole nikiangalia mikono yangu, na nilipofika mwisho nikafanya kitu ninachokifanya tangu nina miaka tisa bila kukifikiria: nikageuza kazi. Sindano ya kushoto ikaja kulia, kitambaa kikanipa mgongo.

Fremu haigeuzwi! Uso wa kitambaa unamtazama mfumaji mwanzo hadi mwisho, mstari wa kwenda na wa kurudi.

Humo ndimo kisa chote kilipokuwa. Kila kitanzi kina uso na mgongo. Usoni kinaonekana laini, kama herufi V. Mgongoni kinaonekana nundu, kama punje ya mtama iliyolala. Mwenye sindano anayefuma namna ileile kila mstari huwa anaweka mstari mmoja wa nyuso na mstari mmoja wa migongo, kwa kuwa anageuza kazi kila mara. Ndiyo maana anapata matuta. Mwenye fremu anayefanya hivyohivyo anaweka nyuso tupu upande mmoja na migongo mitupu upande wa pili. Kitambaa cha namna hiyo kina pande mbili zisizolingana nguvu. Kingo za pembeni hukunjika kuelekea mgongoni, ncha za juu na chini hukunjika kuelekea usoni. Haijalishi uzi gani, haijalishi pasi. Ukitaka kilale, ni lazima nyuso na migongo vichanganyike upande huohuo mmoja, vivutane, vitulizane.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema popote: nundu za skafu ya kiume si pambo. Watu huzichukulia kama nakshi ya kuongeza baada ya kuweza kufuma "ya kawaida". Kwenye fremu mambo ni kinyume. Ile laini ndiyo isiyofaa shingoni, na zile nundu ndizo zinazoifanya iwe bapa, iwe nene, ionekane sawa pande zote mbili upepo unapoigeuza. Mzee wa dagaa aliposema "punje-punje" alikuwa anaagiza muundo, ingawa sisi tulisikia urembo.

Shida hii ni ya zamani kuliko plastiki. Mwaka 1589 William Lee wa Uingereza alibuni mashine ya kufuma soksi, kila kitanzi na kulabu yake. Ilikuwa na tatizo hilohilo la fremu yetu: kazi haigeuki, vitanzi vyote vinatazama upande mmoja, kitambaa ni laini tu. Ilichukua takriban miaka 170, mpaka Jedediah Strutt alipoongeza safu ya pili ya kulabu na kuisajili mwaka 1759, ndipo mashine ikaweza kufuma mbavu, yaani kuchanganya vitanzi vya uso na vya mgongo. Mdogo wangu alipenda sana kusikia hivyo. Alikuwa ameanza kuamini kwamba yeye ndiye mzito wa kuelewa.

Sasa, kitanzi cha nundu kwenye fremu kinafanywaje? Uzi mpya haupiti juu ya kitanzi cha zamani. Unapita chini yake. Unaingiza kulabu ndani ya kitanzi cha zamani kutoka juu kwenda chini, unaukamata uzi mpya, unauvuta upande wa juu uwe kitanzi kidogo, unakishika kwa kulabu huku ukikitoa kile cha zamani kwenye kigingi, kisha unakivika kipya na kukaza kidogo. Ni hatua tano mahali ambapo kitanzi laini kina mbili. Ni polepole. Siku ya kwanza alifuma mistari mitano tu, akalala na kidole chenye lengelenge.

Kabla ya kuanza skafu tulifuma vipande vya majaribio, na hapa ndipo ningependa msomaji anayefuma atulie nami, kwa kuwa ndicho tulichokiruka mara ya kwanza. Kila kipande vigingi 13, mistari 16, kikafungwa, kikalala usiku kucha, ndipo kikapimwa. Kupima kikiwa bado kwenye fremu ni kujidanganya: vigingi vinakivuta kwa upana, na kikitoka kinajirudi.

Tulianza na wingi wa nyuzi. Uzi mmoja ulionyesha ukuta wa pili. Nyuzi mbili pamoja zilipendeza kwa macho lakini mwanga wa taa bado ulipita. Nyuzi tatu zilizovutwa pamoja kutoka madonge matatu zilitoa kitambaa kizito kinachoziba, chenye vitanzi saba kwa kila sentimita 10. Kwa vigingi 13 hiyo ni sentimita 18 na nusu hivi, upana ambao mwanamume anaweza kuukunja mara mbili chini ya koti bila kuvimba shingo. Kumbe tungeweza kuacha nusu ya vigingi tangu mwanzo. Zile sentimita 32 zilikuwa jaribio la kupata uzito kwa kuongeza upana.

Kisha tukajaribu mafumo. Matuta, mstari mmoja laini na mmoja wa nundu, yalilala vizuri sana lakini yalinyooka kwa urefu kila ukiyaning'iniza. Mbavu, kigingi kimoja laini kimoja nundu mpaka juu, zilijibana hadi vigingi 13 vikatoa upana wa kiganja changu. Nzuri kwa kofia, kwa shingo hii hapana. Punje, yaani kubadilishana laini na nundu kwa kila kigingi na tena kwa kila mstari, ilikuwa ngumu na tulivu, nayo ndiyo niliyoipenda mimi. Mdogo wangu alichagua vikapu: miraba mitatu ya vitanzi vitatu-vitatu, laini, nundu, laini, baada ya mistari mitano inabadilishana, nundu, laini, nundu. Inafanana na jamvi lililosukwa kwa ukili mpana. Upande wa pili inaonekana ileile, kwa kuwa palipo laini huku pana nundu kule.

Nilibishana naye kidogo. Punje ni salama zaidi kwa anayeanza, maana kosa linaonekana papo hapo. Akanijibu kwamba kwenye punje anapaswa kukumbuka kila kigingi, kwenye vikapu anakumbuka miraba mitatu tu. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nafikiri kwa sindano tena.

Onyo moja kwa wanaochukua mafumo ya sindano na kuyahamishia kwenye fremu: kwa mstari wa kurudi, yale maelekezo hubadilika. Aliyeandika kwa ajili ya sindano anasema "nundu" akimaanisha nundu upande unaomtazama wakati ule, ambao kwa mstari wa kurudi ni mgongo wa kazi. Kwenye fremu unapaswa kuigeuza: alipoandika laini wewe weka nundu, alipoandika nundu weka laini. Tulichora vikapu vyetu kwenye karatasi ya hesabu yenye miraba, kama kinavyoonekana usoni, tukaachana kabisa na maelekezo ya maneno.

Mzee wa dagaa alikuja Jumapili kupimwa. Tulitumia futi ya fundi cherehani: sentimita 170, karibu urefu wake mwenyewe, ambao ni kipimo kizuri kwa skafu inayozunguka shingo mara moja na kuning'inia pande zote. Alikataa matamvua. Alisema ndani ya boti kila kinachoning'inia kinanasa. Akauliza pia kwa nini tusitumie pamba, na swali lake ni la haki kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, sehemu ambayo pamba imesomesha watoto na hata timu ya mpira inaitwa Pamba. Nilimwambia ninavyojua: uzi wa pamba ni mzito, haunyumbuki, skafu nene ya pamba hujivuta kwa uzito wake yenyewe, na ikinyeshewa au ikipigwa na mawimbi inakunywa maji na kukaa baridi shingoni hadi jua lichomoze. Sufu ingekuwa bora kuliko zote, hunywa unyevu hadi kama asilimia 30 ya uzito wake bila kuhisiwa kuwa imeloa, lakini ilitushinda bei. Akriliki hainywi maji mengi na hukauka haraka. Akaridhika.

Skafu ya pili ilifumwa kwa usiku kumi na mmoja. Kigingi cha kwanza cha kila mstari kilirukwa bila kufumwa, cha mwisho kikafumwa laini. Hivyo ukingo ukapata mnyororo safi. Vigingi vya 2 na 12 vilibadilishana laini na nundu kila mstari kuzuia pembeni pasijikunje. Katikati ndiyo miraba mitatu. Mistari mitano ya punje mwanzoni, vikapu 44 kwa urefu, mistari mitano ya punje mwishoni. Jumla mistari 230.

Haikwenda bila ajali. Ukivuta nyuzi tatu kupitia kitanzi cha nundu, kulabu hukamata mbili na kuacha ya tatu nyuma. Huioni. Tuliigundua mistari minane baadaye, uzi mmoja umetokeza mgongoni kama ndevu. Nilitaka afumue yote minane. Yeye akashusha vitanzi vya kigingi kile kimoja tu mpaka kwenye kosa, ikabaki ngazi ya nyuzi zilizolala, akazipandisha tena moja moja kwa sindano ya kroshia, laini kutoka mbele, nundu kutoka nyuma. Ilichukua robo saa. Tangu hapo kila mwisho wa mstari alipitisha kidole juu ya vitanzi vyote akihesabu tatu, tatu, tatu.

Kufunga nako kulikuwa na somo kutoka skafu ya kwanza, ambayo ncha yake ya mwisho ilibana kama mdomo wa mfuko. Kufunga kwa kuvusha kitanzi juu ya jirani yake, kigingi hadi kigingi, hukaza sana. Safari hii kwa kila kitanzi tuliongeza kiungo kimoja cha mnyororo kwa sindano ya kroshia kabla ya kuendelea. Ncha ikalala. Hata hivyo, bado ni nyembamba kuliko mwanzo kwa nusu sentimita, na mimi naiona kila nikitazama picha ya skafu hiyo.

Zilitumika gramu 240 kati ya 300. Pasi haikuguswa. Tuliifua kwa maji ya uvuguvugu, tukaikamua ndani ya taulo, tukaitandaza juu ya mkeka kivulini. Haikuanikwa kwenye kamba, maana ikiwa mbichi ingejivuta.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Mzee alikuwa ametanguliza nusu kwa bei ya skafu iliyofumwa jioni mbili. Ya pili ilikula usiku kumi na mmoja. Hatukumwongezea, kosa lilikuwa letu. Lakini bei mpya imeandikwa kwenye daftari, na wafumaji wenzangu wanaouza kazi ya nundu kwa bei ya kazi laini naomba wahesabu saa zao.

Skafu ya kwanza tuliifumua isipokuwa ile sehemu iliyochomwa. Uzi ulitoka umejikunja-kunja kama tambi, tukauzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga mafundo manne, tukauosha na kuuning'iniza na kisu kikubwa cha jikoni chini yake kama uzito. Haukunyooka wote, ila unafaa.

Mzee alirudi baada ya mwezi mmoja na safari nyingi. Tuliipima mbele yake: urefu sentimita 173, upana ulikuwa uleule. Kingo zimelala. Ilinuka dagaa. Alikuja na mwenzake wa boti, mpana wa mabega, anayetaka kama hiyo ila ya kumfunika hadi begani. Nilifungua mdomo kujibu. Mdogo wangu alikuwa ameshachukua fremu, anahesabu vigingi kwa ncha ya kulabu: viwili vya ukingo, miraba mitano ya vitatu-vitatu, viwili vya ukingo. Kumi na tisa. Akachukua rangi nyekundu ya kucha, akatia nukta juu ya kigingi cha kwanza cha kila mraba, na kabla haijakauka akamwambia yule bwana, "Kaka, simama wima kwanza nikupime mabega."